Mjumbe na Agizo

Wahenga walisema mjumbe hauawi, na watu wengi wamelipokea neno hilo kama hati ya usalama isiyo na sharti. Sharti limo, ijapokuwa halikutamkwa. Mjumbe hauawi kwa sababu maneno aliyoyaleta si yake. Akileta habari ya vita, vita si vyake. Akileta posa, posa si yake. Kinywa chake kimekopwa kwa saa moja na mwenye habari. Siku atakapopunguza neno, au kuongeza neno, au kutia la kwake mahali pa lile lililomponyoka, kinywa hicho si cha kukopwa tena, na kinga yake imekwisha papo hapo. Neno la wahenga lilitungwa kwa ajili ya mjumbe mchukuzi. Halikusema lolote juu ya mjumbe ambaye kazi yake hasa ni kubadili maneno, kwa kuwa yasipobadilishwa hayawezi kusomwa yanakokwenda. Huyu ana kinga gani? Na akiwa si mtu bali programu ya kompyuta, lawama ya neno lililoharibika hukaa juu ya kichwa cha nani?

Swali hili lina makao mengi duniani, lakini laweza kuchunguzwa vizuri Maisaka, kata mojawapo ya mji wa Babati. Mji huu ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, uliokatwa katika Mkoa wa Arusha mwaka 2002, nao umekaa juu ya njia panda: barabara ya Arusha, barabara ya Singida, na barabara ya Kondoa inayoendelea mpaka Dodoma hukutana hapo. Lugha hukutana vilevile. Wagorowa na Wairaqw husema lugha za jamii ya Kikushi. Warangi na Wambugwe husema lugha za Kibantu. Wabarabaig husema lugha ya Kiniloti. Tofauti ya lugha hizi si kama ile ya Kiunguja na Kimvita, ambayo msikilizaji akitega sikio huivuka bila ya daraja. Zimetengana tangu mizizi. Hata hivyo mbuzi wameuzwa, mahari zimepatanwa, na kesi za mipaka ya mashamba zimesikilizwa, kwa sababu pande mbili zilikubali kukutana katika lugha ya tatu ambayo aghalabu haikuwa lugha ya mama ya upande wowote. Mwenyeji wa Babati hahitaji kufundishwa na fundi wa kompyuta kwamba maana huchoka njiani. Amekwisha kuona mzee akieleza jambo kwa maneno mengi, mkalimani akalileta kwa maneno matatu, na baraza likabaki linatazamana.

Sasa lichukuliwe agizo la dawa. Zahanati ya serikali katika kata kama hii huagiza dawa zake Bohari ya Dawa, shirika lililoundwa kwa Sheria Na. 13 ya mwaka 1993, na mzigo wake hutoka katika ghala la kanda lililo Moshi. Katika miaka ya 1980 mambo yalikuwa mengine. Zahanati za vijijini zilipelekewa makasha ya dawa yaliyofungwa kwa kipimo kimoja, na zahanati yenye malaria nyingi ilifungua kasha lile lile lililofunguliwa na zahanati yenye malaria chache. Hapakuwa na agizo, basi hapakuwa na agizo la kupotoshwa. Utaratibu uliofuata uliwapa watu wa zahanati haki ya kusema wanachokihitaji: muuguzi alijaza fomu ya taarifa na maombi, akaandika humo dawa zilizokuwapo mwanzo wa muda, zilizopokewa, zilizotumika, zilizoharibika, zilizobaki, na zinazotakiwa. Katika miaka ya 2010 fomu hiyo ikaanza kuingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao eLMIS, na kutoka hapo agizo likapelekwa katika mfumo wa biashara wa Bohari, ambao katika miaka hiyo ulikuwa Epicor 9.

Mfumo wa kwanza ulitungwa kwa ajili ya vituo vya tiba. Wa pili ni wa jamii ya programu zinazouzwa kwa wenye viwanda na maghala popote duniani, ambazo hazimjui mgonjwa, zinamjua mteja. Katika wa kwanza kuna dawa na matumizi yake. Katika wa pili kuna namba ya bidhaa, kipimo cha kuuzia, na bei. Hapana unaosema uongo kati ya hiyo miwili. Kila mmoja umeigawa dunia kwa kisu chake, na vipande havilingani. Kati yao lazima ikae programu ya tatu, iliyo kimya, isiyoonwa na aliyeagiza wala na aliyeagizwa, ambayo hupokea maneno ya upande mmoja na kuyatamka kwa desturi ya upande wa pili. Huyo ndiye mjumbe anayehukumiwa hapa.

Ugumu wa kazi yake huonekana katika namba moja tu. Dawa mseto ya malaria, ambayo watu wa zahanati huiita ALu, huja katika pakiti za vidonge 6, 12, 18 na 24, kila pakiti ikiwa dozi kamili ya mgonjwa wa uzito fulani, na pakiti 30 hufungwa katika boksi moja. Mtu akiandika 30, ameandika nini? Ikiwa ni vidonge, ameomba dawa ya mtu mzima mmoja, na vidonge 6 vinavyosalia vyatosha mtoto mdogo mmoja. Ikiwa ni dozi za watu wazima, ameomba vidonge 720. Ikiwa ni maboksi, ameomba dozi 900, yaani vidonge 21,600. Tarakimu ni ile ile na wino ni ule ule. Kati ya mtu mmoja na mwanawe kwa upande huu, na watu 900 kwa upande wa pili, hapana kinachotenga ila neno moja la kipimo, ambalo pengine halikuandikwa kabisa kwa sababu katika zahanati kila mtu analijua. Watu wanaofanya kazi pamoja huacha kutamka yale wanayoyajua wote. Na hayo yasiyotamkwa ndiyo ya kwanza kufa njiani.

Sokoni jambo hili ni la zamani kuliko mitambo. Mkulima wa mahindi anasema gunia na mnunuzi anasema gunia, na wote wawili wanasema Kiswahili. Lakini gunia la mkulima ni kipimo: ni lile lililojazwa likafungwa mdomo. Gunia la mnunuzi ni chombo tu, ambacho chaweza kuongezwa kipande cha gunia jingine juu yake, kikashindiliwa, kikashonwa, kikasimama kama mtu aliyevaa kilemba. Na hiyo ndiyo lumbesa. Bei ilipatanwa kwa neno, mali ikapimwa kwa kitu. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo unaoisimamia, wameipiga vita lumbesa miaka mingi, na kikomo kinachotangazwa ni kilo 100 kwa gunia, lakini kilemba hakijavuliwa kila mahali. Lumbesa inafundisha jambo ambalo mafundi wa mifumo ni wepesi kulisahau, nalo ni kwamba hatari huwa kubwa zaidi pale neno linapokuwa moja pande zote mbili. Maneno mawili tofauti humwamsha mkalimani. Neno moja lenye maana mbili humlaza usingizi. Safu iitwayo kiasi ikikutana na safu iitwayo kiasi, programu huziunganisha, na fundi hurudi nyumbani akiamini kwamba sehemu hiyo ilikuwa rahisi. Tena lumbesa inafundisha jambo la pili lililo chungu zaidi. Kosa la tafsiri halianguki popote kwa bahati. Huangukia upande usioweza kubishana. Hajasikika bado mnunuzi aliyelalamika kwamba gunia lilitafsiriwa kwa faida ya mkulima.

Dawa iliyojaribiwa duniani ni ile ile ya Babati, yaani lugha ya tatu. Katika mwaka 1948 na 1949, Berlin Magharibi ilipozingirwa na kulishwa kwa ndege, hati za mizigo zilifika kwa mitindo na lugha mbalimbali, hata kuzisoma kukawa kazi juu ya kazi. Mwanajeshi mmoja wa Marekani, Edward Guilbert, alishughulika kutunga orodha ya mizigo ya namna moja, iliyoweza kupelekwa kwa teleksi, kwa redio au kwa simu. Baada ya mbegu hiyo zilimea kanuni nyingi, na mwaka 1987 ikatoka kanuni ya Umoja wa Mataifa iitwayo EDIFACT, ambamo agizo la kununua lina umbo lake, jibu la agizo lina lake, na kilo ina alama yake ya herufi tatu, KGM. Lumbesa haina alama.

Lakini lugha ya tatu nayo ina wenyewe. Katika maandishi ya kawaida ya EDIFACT ritifaa humaliza kifungu cha habari kama nukta inavyomaliza sentensi. Walioichagua alama hiyo hawakuwa na ng'ombe katika maandishi yao. Anayeagiza dawa ya kuogeshea ng'ombe, asipotanguliza alama ya kuuliza mbele ya ritifaa kama kanuni inavyotaka, atakuwa ameagiza dawa ya kuogeshea ng, na baada yake kimeanza kifungu kipya kiitwacho ombe, ambacho hapana mashine inayokifahamu. Wilaya ya Hanang', iliyo katika mkoa huo huo wa Manyara, ina bahati kidogo: ritifaa yake iko mwisho wa jina, basi jina hukatwa pale pale lilipokuwa likiisha. Saa nazo ni vivyo hivyo. Mzigo uliotakiwa saa 4 asubuhi, ukipita katika mfumo unaohesabu tangu usiku wa manane, na mjumbe asiongeze 6, utaandikiwa wakati ambao Mswahili huuita saa 10 alfajiri, na mlango wa zahanati umefungwa. Mambo haya ni madogo na yana dawa yake. Yametajwa kwa kuwa yanaonyesha kwamba hapana lugha ya kati iliyo katikati sawasawa. Kila moja imekaa karibu zaidi na mlango wa mtu fulani, na yule wa mlango wa mbali ndiye anayetembea.

Wanafunzi wa fasihi wanaijua tabia hii katika tafsiri za vitabu. Kiingereza kina jina moja kwa mjomba na kwa ami. Anayetafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza hupoteza: upande wa mama na upande wa baba hufutika, na pamoja nao haki na wajibu ulioshikamana na kila upande. Anayetafsiri kutoka Kiingereza kuja Kiswahili hubuni: hana budi kuchagua upande ambao mwandishi hakuutaja. Neno alikuja hufanya kinyume chake, kwa kuwa Kiswahili hakiulizi kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke, na Kiingereza hakipendi kuendelea kabla ya kuambiwa. Basi kila mfasiri ana majaribu mawili, kupoteza na kubuni, nayo hayamjii kwa uovu wake. Yanamjia kwa sababu lugha mbili zimekata kitambaa kwa mikasi tofauti. Anayedai ubadilishaji usiopoteza chochote wala kubuni chochote anadai kisichokuwapo. Kwa hiyo hatia ya mjumbe haiwezi kuwa katika kubadili. Itafutwe mahali pengine.

Itafutwe katika safu ya siku. Fomu ya zahanati ina mahali pa kuandika ni siku ngapi dawa fulani haikuwapo kabisa. Ni safu nyembamba, na mtu wa haraka aweza kuiona kuwa ya ziada. Ichukuliwe zahanati ambayo katika siku 90 ilikuwa na dawa kwa siku 30 tu, ikatumia dozi 40, na siku 60 zilizobaki rafu ilikuwa tupu. Kwa mwendo huo, haja ya zahanati hiyo kwa siku 90 ni dozi 120. Sasa agizo livuke kwenda katika mfumo usio na mahali pa safu hiyo, kwa kuwa mwenye ghala wa kawaida hauliza mteja alikosa siku ngapi. Huuliza alichukua ngapi. Mjumbe, kwa kukosa pa kuiweka, ameiacha. Kinachofika ni dozi 40. Ghala likipima kwa hesabu hiyo hutuma dozi 40, zinakwisha katika siku 30, rafu inakuwa tupu siku 60, na muda unaofuata habari inayopelekwa ni ile ile: zimetumika 40. Mwenye kusoma takwimu huko mbali ataona uthabiti wa kupendeza. Kosa limejiandikia cheti. Wagonjwa waliorudi nyumbani mikono mitupu wamehesabiwa kuwa watu wasiougua.

Huu ni mfano wa kufikiria, wala si shtaka juu ya ofisi yoyote; waliotunga fomu waliiweka safu hiyo hasa kwa sababu waliiona hatari. Lakini mfano wenyewe ni mpana kuliko dawa. Ndugu yake wa karibu ni sifuri. Muuguzi akiacha mahali patupu kwa sababu daftari halikuwapo, anasema sijui. Mfumo usiokubali mahali patupu humlazimisha mjumbe kutia tarakimu, naye hutia 0, na 0 husema hapana. Kati ya sijui na hapana kuna umbali ambao mahakama zote za dunia huuheshimu: shahidi aliyesema hakuona hajasema kwamba jambo halikutendeka. Kompyuta imeumeza umbali huo kwa alama moja ya mviringo, na kimya cha mtu kimegeuzwa ushahidi dhidi yake.

Nani amekosa? Muuguzi aliandika kweli. Mwenye ghala alitimiza alichokisoma. Programu haina nia, na pasipo nia wenye falsafa huona taabu kuweka dhambi. Hubaki fundi aliyetunga jedwali la ubadilishaji, lile linalosema safu hii iende kule, kipimo hiki kiwe kile, na kisicho na mahali kiachwe. Fundi naye atajitetea kwa neno la wahenga: yeye ni mjumbe tu, ametengeneza njia, hakuongeza neno. Utetezi huo haufai. Mkalimani wa barazani huamua mbele ya nyuso mbili. Akikosea huona uso umekunjamana, husimama, huuliza, hurudi nyuma. Uamuzi wake ni tendo moja, nao huisha pamoja na kikao. Fundi huamua mara moja, katika chumba kisicho na muuguzi wala mwenye ghala, na uamuzi wake hutumika kesho na keshokutwa juu ya maagizo maelfu ambayo hatayaona. Uamuzi wa namna hiyo watu hawakuuita ujumbe hata siku moja. Waliuita sheria. Jedwali la ubadilishaji ni sheria ndogo inayotawala maneno ya watu, na mtunga sheria hahukumiwi kama mchukua barua. Huulizwa maswali mengine. Sheria hii ilitangazwa? Wale iliowafunga waliweza kuisoma? Pako wapi mahali pa kuipinga?

Kwa kipimo hicho, mifumo mingi inayosifiwa kwa wepesi ingeona haya. Muuguzi wa Maisaka ana haki ya kujua ni yapi katika maneno yake yatakayofika Moshi na ni yapi yatakayozikwa njiani, kwa kuwa akijua atatafuta njia nyingine ya kuyasema, hata ikiwa ni kwa kupiga simu. Asipojua, atayarudia maneno yale yale kila msimu kwa imani ya mtu anayesema na ukuta akidhani ni dirisha. Kupoteza hakuepukiki. Kupoteza kwa siri ndiko kunakovunja amana.

Lipo jibu ambalo wenye busara ya kazi hulitoa, nalo si la kupuuzwa. Husema kwamba mjumbe mwenye shaka arudi kuuliza, na agizo lenye mashaka lisivuke. Ushauri huu una heshima ya uaminifu, lakini una gharama, na gharama yake hailipwi na mshauri. Agizo la dawa likirudishwa kwa sababu kipimo hakikuandikwa, mtoto mwenye homa hangoji katika fomu. Anangoja katika mwili wake. Kuna ubaya mwingine uliojificha zaidi. Mjumbe anayeuliza kila kitu humfundisha mwenye agizo kuitika bila ya kusikia. Muuguzi aliyeulizwa mara 20 kwa siku kama ana hakika, mara ya 21 hubonyeza ndiyo kabla ya kusoma, na siku hiyo ndiyo ya yale maboksi 30.

Wengine husema, basi mjumbe akisie, na akisie kwa upande wa huruma: dawa ikizidi ni hasara ya fedha, ikipungua ni hasara ya roho. Ni maneno mazuri, nayo hudumu mpaka ghala likumbukwe. Ghala ni moja. Maboksi yaliyozidi Maisaka yametoka katika fungu la Magugu au la Dareda, na dawa iliyopitwa na muda wake juu ya rafu ya kituo kimoja ni dawa ambayo mgonjwa wa kituo kingine aliikosa ikiwa bado hai. Huruma ya kukisia haioni mbali kuliko ukatili wa kukisia.

Kinachobaki ni kazi isiyo na fahari. Mjumbe apitishe yaliyo na hakika, ayazuie yale tu ambayo kosa lake halirudishiki, na kila alipobadili aache alama, kama fundi cherehani anavyoacha uzi wa rangi nyingine pale alipopunguza nguo, ili mwenyewe akitaka kuirudisha ajue pa kufumua. Asiandike 0 mahali pa kimya. Aandike kwamba hakuambiwa. Safu isiyo na mahali asiitupe, bali aibebe kama maelezo yaliyoambatana na agizo, hata ikiwa hapana programu ya kuyasoma huko yaendako, kwa kuwa huenda mtu akayasoma. Mafundi wengi watasema hayo yanaongeza uzito. Kweli yanaongeza, na mkalimani mwaminifu wa barazani alikuwa mzito vilevile. Waliokuwa wepesi ni wale waliotaka kikao kiishe.

Juu ya nani abebe uzito huo, historia ya nchi hizi ina habari isiyotazamiwa. Si siku zote mnyonge ndiye aliyetafsiri. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo na Pangani ilichukua ushanga uliotengenezwa Venice na kitambaa ambacho jina lake, merikani, lilitaja kwao. Kila nchi ya bara ilikuwa na ushanga wake: rangi iliyopendwa hapa ilikataliwa mbele kidogo kama changarawe, na mapenzi yaliweza kugeuka kabla ya msafara kufika. Mfanyabiashara aliyeleta rangi isiyotakiwa alikuwa na mzigo mzito usio na bei. Basi matakwa ya watu wa Irangi na Unyamwezi yalisafiri mpaka Unguja, na kutoka Unguja mpaka Ulaya, na fundi wa vioo ambaye pengine hangeweza kuionyesha nchi hiyo katika ramani alitia rangi kama alivyoagizwa. Tajiri alijifunza lugha ya ushanga kwa sababu mtu wa upande wa pili aliweza kusema sitaki, na msafara ukapita na mizigo yake. Uwezo wa kusema sitaki ndio uliokuwa ukiamua ni nani atakayetafsiri. Zahanati haina uwezo huo kwa dawa. Mkulima hana uwezo huo mvua ikikaribia na ghala lake likiwa ni uwanja wa nyumba yake.

Agizo la Maisaka, likiisha kuvuka salama na kusomwa sawasawa, bado laweza kujibiwa kwamba dawa haipo. Kwa ajili ya siku hiyo ulianzishwa Dodoma mwaka 2014 utaratibu wa mshitiri uitwao Jazia, ambao kufikia mwaka 2018 ulikuwa umeenezwa katika mikoa mingine ya Tanzania Bara: Bohari ikithibitisha kwamba haina dawa, kituo hununua kwa mfanyabiashara binafsi aliyechaguliwa kwa ajili ya mkoa. Hapo haja ile ile huanza safari ya pili, kwa karatasi nyingine na kwa muuzaji mwingine. Dawa iliyojulikana kwa jina lake la asili yaweza kurudi na jina la kibiashara. Kopo la vidonge 1,000 laweza kuwa boksi la vidonge 100. Na siku 60 za rafu tupu hazina pa kuandikwa katika ankara ya duka. Kati ya karatasi ya kwanza na ya pili hapana programu. Muuguzi huyafanya mageuzi hayo mwenyewe, kwa kalamu, pembeni mwa daftari, wakati foleni ya wagonjwa imefika mlangoni.